Mabadiliko Kumi na Mawili ya Siku ya Jumatano

Kisangani, Komini ya Tshopo
3 Februari 2024

Papa Hugues,

Natumaini barua hii na flashi iliyomo ndani yake vimekufikia vikiwa vikavu. Dereva wa lori aliniapia kwamba angevibeba ndani ya koti lake, na mimi sikujua kama nimwamini yeye au mvua.

Nakuandikia kuhusu ukurasa wa kiazi kikuu cha msitu, kile chenye uchungu. Jumatatu iliyopita Profesa Alexis, mkuu wa kamati yetu ya kitabu cha mimea ya kuliwa, alinipigia simu akaniuliza kama tumeamua kuwaua wanafunzi. Katika nakala tuliyompelekea imeandikwa kwamba kiazi hicho huloweshwa siku moja kabla ya kupikwa. Wewe mwenyewe ulileta sahihisho mwezi wa Novemba: siku tatu. Mimi nililiingiza, na René akapanga ukurasa upya pamoja na mchoro wake. Mwezi wa Januari siku tatu zimerudi kuwa moja, na hakuna kati yetu anayekumbuka kuzigusa. Kitabu hiki kitasomwa na watoto wa darasa la tano katika shule za Tshopo. Watoto hujaribu wanachokisoma.

Chanzo cha kosa, kwa maoni yangu, ni namna yetu ya kufanya kazi. Kuna faili kwenye kompyuta yangu ya maabara yenye Windows, jingine kwenye Mac ya René, la tatu kwenye mashine yako ya Linux, na yote matatu yanaitwa «mwisho». Juzi nimehesabu: tunazo nakala za «mwisho» kumi na moja, «mwisho kabisa» nne, na moja inayoitwa «mwisho René usiguse».

Kamati imenipa kazi ya kuchagua programu ya kutunza matoleo, yaani programu inayokumbuka kila badiliko la kila ukurasa na kuturuhusu kurudi nyuma. Nimejiwekea masharti matatu. Iwe na madirisha na vitufe, isitudai amri za kuandikwa kwa kumbukumbu. Ionekane vilevile kwenye kompyuta zetu tatu, ili niweze kukueleza kwa simu mahali pa kubonyeza. Na ifanye kazi bila mtandao, kwa sababu ninajua mtandao wa Bafwasende unavyokuja na kuondoka.

Je, kuna sharti nililolisahau? Wewe ndiwe unayeleta mimea hamsini na minane kati ya tisini na sita. Nisingependa kuchagua bila neno lako.

Kwa heshima,
Karima Lukumani


Bafwasende
17 Februari 2024

Madame Karima,

Barua yako imefika kavu. Dereva ameongopa mara moja tu, aliposema amekuja bila kusimama.

Habari ya kiazi imetusikitisha. Hapa kila maelezo tunayokutumia yamesomwa upya mbele ya mama aliyeyatoa. Anakaa, anasikiliza, anasema «ndiyo» au anasema «hapana, hukuwa unasikiliza». Mama Micheline, ambaye ndiye aliyetueleza kiazi hicho, hukataa mara mbili kabla ya kukubali, hata pale tulipopatia. Kwa hiyo safari hii siku moja haikutoka huku.

Kuhusu programu, sharti lako la mtandao ni la lazima. Ningeongeza kwamba isiwe na maswali mengi. Mashine inayouliza sana humfanya mtu ajibu chochote ili imwache aendelee.

Nina swali moja. Je, programu ya namna hiyo inahifadhi maneno tu, au inahifadhi pia jina la aliyeyaandika?

Wako katika kazi,
Hugues Lofemba


Kisangani
2 Machi 2024

Papa Hugues,

Nimetumia wiki mbili kujaribu, na ninakuletea matokeo pamoja na mashaka yangu.

Ya kwanza, Subversion, inaeleweka haraka: kuna ghala moja, na kila mtu hupeleka kazi yake humo. Lakini ghala hilo lingekaa kwenye kompyuta ya maabara, nawe usingeweza kuhifadhi badiliko bila kulifikia. Bafwasende ingekuwa inasubiri Kisangani, na Kisangani ingekuwa inasubiri umeme. Niliiacha.

Ya pili, Git, ndiyo inayotumiwa na watu wengi zaidi, na jambo hilo si dogo. Kila mtu anabeba ghala lote kwake, mtandao uwepo usiwepo. Madirisha yake ni mengi na mazuri, ila niliyoyapenda kwenye Windows sikuyakuta kwenye Linux, na aliyoyapenda René kwenye Mac sikuyakuta kwangu. Pengine ningepata moja la kutufaa sote kama ningetafuta wiki ya tatu. Sikutafuta.

Ya tatu ni Mercurial pamoja na dirisha lake liitwalo TortoiseHg. Nayo humpa kila mtu ghala zima, na dirisha hilo ni lilelile kwenye Windows, Mac na Linux: orodha ya mabadiliko juu, na chini yake maneno yaliyoondolewa kwa rangi nyekundu na yaliyoongezwa kwa kijani. Nimeichagua hiyo. Kinachonisumbua ni kwamba wanaoitumia ni wachache, na baada ya miaka mitano huenda tusipate wa kumuuliza. Nimepima urahisi wa leo dhidi ya upweke wa kesho, na sina hakika mizani yangu ni sawa.

René hakufurahi. Alinikuta nikiiweka kwenye Mac yake.

«Karima, mutu moja aliugua, weye unalaza wote ku hôpital.»

«Nani aliyeugua?»

«Ile kiazi!»

Baadaye nilimwonyesha jinsi ya kurudisha mchoro alioufuta mwenyewe asubuhi. Aliutazama ukirudi, akasema: «Bon. Iache kwanza.»

Kila mmea sasa una faili lake, maandishi matupu bila mapambo. Unapomaliza badiliko, unaandika sentensi moja ya kueleza ulichofanya, kisha unabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Na jibu la swali lako ni ndiyo: kila badiliko hubeba jina, tarehe na saa. Nadhani hilo litakupa utulivu. Hakuna atakayelaumiwa tena kwa kosa la mwingine.

Nilipokuwa nikiingiza mafaili ya zamani niligundua ile siku moja ilitokea wapi. Tusiifuatilie, jina la mkosaji halitawasaidia wanafunzi.

Mwezi wa mfungo unaingia baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo nitaandika polepole kidogo.

Karima


Bafwasende
23 Machi 2024

Madame Karima,

Mfungo mwema kwako na kwa familia.

Programu imekaa vizuri kwenye mashine, na madirisha yako jinsi ulivyoyaeleza. Maelezo ya mimea mitatu yako tayari. Hayajahifadhiwa, kwa sababu kitufe kilipobonyezwa kilifungua kidirisha kinachodai jina la mtumiaji, na hapo tumesimama.

Ninaomba ruhusa tutumie jina moja, «Bafwasende», kwa kazi zote zitokazo huku. Kazi ni ya mahali kuliko ya mtu. Kama kanuni za programu zinakataa, nieleze.

Hugues Lofemba


Kisangani
30 Machi 2024

Papa Hugues,

Programu haikatai, ingekubali hata «Mto Kongo». Anayekataa ni mimi, na nitaeleza sababu.

Kamati imeweka kanuni kwamba maelezo yataingia kitabuni kutoka kwa waliotia sahihi mkataba tu, yaani wewe, René na mimi, ili kila ukurasa uwe na mtu wa kuulizwa. Profesa Alexis ameishikilia kanuni hiyo zaidi tangu ile simu ya kiazi. Ukitumia jina la mahali, atasema kurasa zako hazina mwenyewe, na anaweza kuziondoa. Tafadhali andika «Hugues», uendelee.

Ninahisi ugumu wako hasa uko kwenye madirisha, na si aibu; hata mimi nilipotea mara kadhaa. Baada ya Idi nimepanga mafunzo ya siku tano hapa maabarani, kuanzia Jumatatu tarehe 15 hadi Ijumaa tarehe 19 Aprili. Hati yako ya safari imeshapigwa mhuri, imo ndani ya bahasha hii. Usilete kompyuta, barabara ina matope. Utajifunzia kwenye yangu.

Karima


Kisangani
4 Mei 2024

Papa Hugues,

Nimeiandika barua hii mara tatu, na hii ndiyo isiyo na hasira.

Flashi yako imefika tarehe 29. Niliunganisha kazi ya Bafwasende na ya kwetu, na yote yakaungana bila mgogoro isipokuwa ukurasa mmoja, ambao nitaueleza siku nyingine. Kisha nikapitia orodha ya mabadiliko, jina kwa jina na saa kwa saa. Siku ya Jumatano, tarehe 17 Aprili, kati ya saa nne na saa sita kasorobo mchana, Hugues alihifadhi mabadiliko kumi na mawili kwenye kompyuta ya Bafwasende.

Jumatano hiyo, saa hizo, Hugues alikuwa ameketi kushoto kwangu, anakula mikate ya Mama Fanny, muuzaji wa mlangoni petu, anashika kipanya kama mtu aliyeshika samaki hai. Profesa Alexis mwenyewe alipita akakusalimu, ukamwambia kwamba mashine hii inakimbia kuliko pirogi, yaani mtumbwi, yenye injini. Tulicheka sote.

Nilidhani saa ya kompyuta yako imepotoka. Nililinganisha mabadiliko ya kabla na ya baada. Saa iko sahihi. Nikadhani kazi ya siku nyingine imenakiliwa. Haikunakiliwa, kwa kuwa kuna makosa madogo yanayosahihishwa dakika chache baada ya kufanywa. Mtu alikuwa pale, anafikiri.

Ninachokihofia ni kwamba umemkabidhi kazi mwanafunzi fulani anayejaza kurasa kutoka kwenye vitabu, bila kuwauliza kina mama. Natamani nikosee. Kurasa hizo kumi na mbili ni nzuri kuliko zote tulizonazo, na hilo halinitulizi, kwa sababu sijui zimetoka wapi.

Unajua kinachofuata. Profesa akiiona orodha hii kabla sijapata maelezo, mimea yote hamsini na minane ya Bafwasende itatoka kitabuni na mkataba wako utakoma. Uchapaji ni Jumatatu, tarehe 1 Julai. Sijamwonyesha. Sijui pia kama kutomwonyesha ni uvumilivu au ni kosa langu la pili mwaka huu.

Nijibu wewe mwenyewe.

Karima Lukumani


Bafwasende
12 Mei 2024

Madame Karima,

Bonjour. Hii barua naandika miye mwenyewe, na bic, kalamu ya bibi yangu. Utaona mukono haiko ile unazoea. Ile unazoea ni ya bibi.

Hakuna mwanafunzi. Ni Déborah, bibi yangu wa ndoa. Anafundisha darasa la tano huku. Weye umemwandikia tangu zamani, haukujua tu.

Nitasema yote, donc soma polepole. Miye ni mutoto ya Isangi. Baba yangu alikuwa mvuvi, babu mvuvi. Unipe samaki gizani, nitashika mugongo tu nikuambie jina. Lakini pori, Madame, pori sijui. Kamati ilitafuta mutu wa diplome ya kilimo mwenye kukaa Bafwasende, miye niko na diplome, nikaweka sahihi. Nikaenda kwa wamama na kaye yangu ya kuandikia. Nikauliza kile kiazi kinamenywa namna gani. Walicheka mpaka mumoja akakaa chini. «Weye papa, bibi yako hana mikono?» Mama Micheline akanipa kisu, eti nionyeshe kwanza miye naona iko namna gani. Nikajikata. Wakacheka tena.

Déborah ni mutoto ya huku, Mama Micheline ni shangazi yake. Akaenda yeye, wakamuambia yote. Mwanzo alikuwa ananiambia, miye naandika. Kiisha akaona naandika mubaya, akaandika yeye. Kiisha barua pia. Miye nasema, yeye anaandika, lakini akiandika inakuwa ya akili kuliko vile nimesema. Ile swali kama mashini inaweka jina, ni yeye alisema tuulize. Ile «Bafwasende» pia. Hakutaka kuongopa, hakutaka pia nipoteze kazi.

Miye siketi bure. Naendesha moto, ile pikipiki, kwenda vijiji vya mbali, naleta majani, nabeba flashi, na kila chakula naonja wa kwanza. Kile kiazi cha siku moja nilikionja. Siwezi kukuandikia ile usiku, uko mutu wa heshima.

Kama lazima mutu atoke, nitoke miye. Lakini zile kurasa zisitoke. Wamama watauliza maneno yao imeenda wapi, na miye ndiye nakutana nao njiani.

Hugues


Kisangani
20 Mei 2024

Papa Hugues, na kwako Mama Déborah,

Naandika kwa wote wawili, jambo ambalo inaonekana nimekuwa nikilifanya kwa miaka miwili.

Niliposoma barua ya Papa Hugues nilirudi kwenye orodha. Dirisha lile lina safu tatu: jina, saa, na ile sentensi moja ya maelezo. Mimi nilisoma jina na saa, kama askari wa barabarani. Sasa nimeisoma safu ya tatu. Badiliko la saa nne na robo, Jumatano ile: «Amesema Mama Micheline, ameandika Déborah, Hugues ataonja akirudi.» La saa nne na nusu: «Ameandika Déborah.» Yote kumi na mawili yako hivyo, na ya kabla yake, tangu badiliko la kwanza kabisa. Hamkunificha kitu. Nilitafuta programu iliyo rahisi kutazama, kisha nikatazama nusu yake. Na Papa Hugues alikaa siku tano kando yangu bila kujua kwamba mkewe alikuwa ameshaandika ukweli wote pale.

Nami nina langu la kusema. Niliandika kwamba jina la aliyerudisha siku moja halina faida. Ni mimi. Tarehe 14 Januari nilifungua faili la Oktoba nikidhani ni la Desemba, nikarekebisha nukta mbili, nikalihifadhi juu ya kazi yenu. Nilipoligundua nilijiambia kwamba kunyamaza kutaokoa muda. Sidhani tena kwamba muda ndio niliokuwa nikiuokoa.

Sasa kuna mambo mawili ya kuamuliwa.

Programu inaniruhusu kujenga historia upya na kuweka jina la Déborah mahali pote palipo na Hugues. Sote tungetupa nakala tulizonazo na kuchukua mpya. Nimevutiwa na njia hiyo, na kwa sababu hiyohiyo naiogopa. Kwa upande mwingine, Profesa Alexis nimemweleza yote. Hakukasirika kama nilivyotarajia, lakini amesema jalada lina majina ya waliotia sahihi, na wengine wote huwekwa kwenye ukurasa wa shukrani. Mama Déborah, wewe unataka kuandikwa vipi?

La pili ni ule ukurasa ambao programu ilikataa kuuunganisha, kwa kuwa tumeugusa sote wawili. Ni kiazi tena. Wewe umeandika «siku tatu katika kijito». Mimi, nikiwafikiria watoto wa mjini wasio na kijito, nimeandika «siku tatu katika ndoo». Programu imetuwekea sentensi zote mbili kando kwa kando na inasubiri mtu achague. Nimekaa mbele yake siku tatu bila kubonyeza.

Karima


Bafwasende
29 Mei 2024

Mama Karima,

Hugues amenipa kiti na ameondoka nyumbani, ili asije akasema kitu nikakiandika vizuri zaidi.

Naanza na kiazi kwa sababu kinaweza kuua. Ndoo siikatai. Lakini maji ya ndoo yamesimama, na uchungu uliotoka kwenye kiazi unabaki humohumo ukikisubiri. Sentensi yako ingetudhuru, na yangu ingewaacha watoto wa mjini bila jibu. Nimerudi kwa shangazi Micheline. Alikataa mara mbili, akakubali hivi: vipande vyembamba kama sarafu; kijitoni siku tatu; au ndooni siku tatu, na maji yamwagwe na kubadilishwa asubuhi, mchana na jioni; watoto wasifanye kazi hiyo bila mtu mzima. Usichague kati ya zile mbili. Futa zote, weka hii.

Historia usiiguse. Jina la Hugues liko pale kwa sababu mimi na yeye tuliketi mezani tukakubaliana liwe pale. Hakunilazimisha. Ukilibadilisha, orodha itasema kwamba hatukukubaliana, na huo utakuwa uongo uliotengenezwa kwa nia njema.

Umeniuliza nataka kuandikwa vipi. Wanafunzi wangu huwa nawaambia kwamba kuna swali ambalo aliyeliuliza amekwisha kulijibu mwenyewe. Ukurasa wa shukrani siutaki. Anayeshukuriwa ni aliyeleta chai. Mimi nimeandika kurasa hamsini na nane, na mahali pa aliyeandika ni jaladani, palipo wengine walioandika. Hugues naye akae hapo, kwa kazi aliyoifanya kweli. Na chini ya kila mmea liwekwe jina la mama aliyeueleza. Programu yenu ina nafasi ya mkono. Haina nafasi ya mdomo, ndiyo maana nilikuwa nikiwaingiza kwenye ile sentensi moja.

Kati ya mimea hiyo hamsini na minane, kumi na minne imebaki katika daftari langu, haijaingia kwenye kompyuta. Haitaingia mpaka nijue inakwenda kwa jina gani. Tafadhali usisikie hasira hapo, kwa sababu haipo. Nimeona tu kwamba mpaka sasa nimetoa kwanza na kuulizwa baadaye.

Déborah Alimasi


Kisangani
15 Juni 2024

Mama Déborah,

Nimekwenda kwa Profesa Alexis mara tatu. Mara ya kwanza alisema hapana. Mara ya pili alisema hapana na kuniuliza habari za mama yangu. Mara ya tatu nilibeba kompyuta, na René akanifuata bila kualikwa.

«Karima,» alisema Profesa, «kitabu haiko liste ya mariage, ya wageni wa ndoa. Hatuwezi kuweka kila mutu.»

«Profesa,» alisema René, «hata ku mariage, mwenye kupika tunajua jina yake.»

«Nani alikuita weye?»

«Hakuna. Niko nabeba chargeur ya kompyuta.»

Niliweka dirisha mbele yake, nikampangia mabadiliko kwa majina, nikamwomba ahesabu. Alivaa miwani. Yangu yalikuwa sitini na moja, ya René arobaini, ya Hugues mia mbili na kumi na mawili. Kisha nikashuka naye hadi Jumatano tarehe 17 Aprili na kumuuliza kama anakumbuka alimsalimu nani asubuhi ile. Alikumbuka, hata ule mzaha wa pirogi aliukumbuka. Alisoma safu ya tatu, mstari kwa mstari, kwa sauti ya chini. Alipofika mwisho alivua miwani.

«Bon. Donc huyu mama, kwa nini hana mukataba?»

«Kwa sababu hatukumuuliza.»

«Na Hugues, yeye anafanya nini?»

«Anaonja,» alijibu René, na kwa mara ya kwanza tangu ile simu nilimwona Profesa akicheka kuhusu kile kiazi.

Jalada litakuwa na majina manne. Papa Hugues anabaki na mkataba wake, na kazi yake imeelezwa upya: kuwafikia watoa habari, kukusanya mimea, kujaribu vyakula. Mkataba wako umo ndani ya bahasha hii. Usome kabla ya kuutia sahihi, hasa kifungu cha nne, ambacho mimi nakiona kizito bila kuweza kusema kwa nini. Majina ya kina mama yatakaa chini ya kila mmea. Historia haijaguswa.

Nisingependa ufikiri kwamba haki imeshinda kwa nguvu zake. Bila mimea yako kumi na minne kitabu kingekuwa na tundu, na tarehe 1 Julai iko karibu. Huenda Profesa aliona ukweli, huenda aliona kalenda. Nimejaribu kuvitenganisha nikashindwa, na pengine naye hawezi.

Nakutumia kurasa zote zilizopangwa, juu ya karatasi. Mkataba unampa kila mwandishi haki ya kusimamisha uchapaji, hiyo ni kanuni ya zamani ambayo hakuna aliyewahi kuitumia. Nisomee.

Karima


Bafwasende
22 Juni 2024

Mama Karima,

Mkataba nimeutia sahihi, isipokuwa kifungu cha nne, nilichokikata kwa rula. Kinasema kamati inaweza kubadilisha maelezo bila kumuuliza mwandishi. Nadhani uzito ulikuwa hapo.

Mimea kumi na minne imo kwenye flashi hii.

Kurasa zako nimezisoma mara mbili mbili, mara moja peke yangu, mara moja kwa sauti mbele ya shangazi Micheline. Kiazi kiko sawa. Ukurasa wa 31 hauko sawa. Mmeandika kwamba majani ya mmea wa hapo huchemshwa mara moja. Huchemshwa mara mbili, na maji ya kwanza humwagwa mbali na kuku. Kosa hilo si la kwenu. Nimeangalia orodha, ni langu, la tarehe 6 Aprili, na mmeliamini kwa sababu limeandikwa vizuri. Ukurasa wa 70, jina lililowekwa chini ya mmea si la mama aliyeueleza, ni la dada yake.

Msichape tarehe 1. Nitafika Alhamisi kwa pikipiki, na tutapitia kurasa tisini na sita zote, mimi nikisoma na wewe ukibonyeza. Mwambie Profesa kwamba aliyesimamisha ni mwandishi.

Hugues anabaki na watoto.

Déborah Alimasi